Hayaandikwi

Sijawahi kuiomba simu yangu inisaidie kitu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii huniuliza kwanza nilibonyeza nini. Fundi wa simu pale stendi ya Nachingwea aliniuliza nilibonyeza nini. Mwalimu mmoja, ambaye nitamfikia na sitamsema kwa wema, aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa ile sauti ambayo walimu huitumia kwa mtoto aliyechafua sare. Sikubonyeza kitu. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vinajua vinachogusa. Katika habari nzima hii nilibonyeza mara moja tu, ilikuwa mwishoni, na nitasema ilikuwaje.

Ilianza hivi. Asubuhi moja nilifungua programu ya kutumiana ujumbe, ile ambayo Nachingwea nzima tunaitumia, nikakuta kiduara cha rangirangi kimekaa pembeni ya kioo. Kinaniuliza kama nataka kinisaidie kuandika. Siku chache baadaye kikaniuliza kama nataka kinifupishie mazungumzo niliyokuwa sijayasoma. Mtu akiingia kwangu bila hodi simjibu, namkazia macho mpaka aone haya atoke. Nilikikazia macho kile kiduara. Hakikuona haya, na hakikutoka.

Mbali ya cherehani, mimi ni kungwi. Huku kwetu msichana akivunja ungo anaingizwa unyagoni, na huko anapewa mwanamke mmoja wa kumfunda, anayeitwa somo yake. Huyo si mama yake mzazi, maana baina ya mama na binti kuna haya, na haya hiyo haivukwi. Msichana akishaolewa, somo ndiye anayepokea yale ambayo mke hawezi kumwambia mama, dada wala jirani. Yanayofundwa huko ndani siyasemi. Kama kuna mtu amefungua kurasa hizi akitegemea kuyakuta, azifunge akatafute shughuli nyingine. Nitasema sharti moja tu, kwa sababu lenyewe si siri: hayaandikwi. Hayaandikwi kwenye karatasi, wala ukutani kwa mkaa, wala mchangani kwa kidole. Yanatoka mdomoni yanaingia sikioni, basi.

Simu zilipoenea tuliulizana, sisi makungwi, tufanyeje, kwa sababu mabinti zetu wanaolewa mbali, wengine Ruangwa, wengine Liwale, wengine Dar es Salaam kabisa. Kungwi wetu mkubwa, bibi wa Lionja ambaye hasomi wala haandiki na anajivunia hilo, alitoa hukumu siku hiyo hiyo huku akimenya mihogo. Kuandika meseji ya mambo ya ndani, marufuku. Kutuma sauti, ruksa, kwa sababu sauti ni mdomo. Tuliridhika wote. Hapakuwa na hata mmoja aliyeona kasoro, na mimi nasema wazi kuwa sikuiona, wala asiniambie mtu leo kuwa yeye angeiona. Tukatumiana sauti miaka na miaka. Ungechukua simu yangu ukafungua mazungumzo yale, usingekuta neno hata moja, ungekuta vimistari vya sauti vimejipanga kama mishono ya cherehani.

Mwali wangu wa Ruangwa nilimpenda kuliko wote niliowafunda. Sioni sababu ya kujifanya niliwapenda sawasawa. Alikuwa na kawaida ya kuanza sauti zake kwa kukohoa kidogo, kisha anasema, "Somo, upo?" halafu ananyamaza kidogo, kana kwamba ningeweza kumjibu hapo hapo. Nyuma yake nilikuwa nasikia jogoo, mchi kwenye kinu, na watoto wake wawili wa kike wakigombania kitu. Nilikuwa nikishona huku nikimsikiliza. Mashati mengi ya wanafunzi wa mji huu yameshonwa na habari za Ruangwa.

Uzazi wake wa kwanza alitoka damu nyingi. Wa pili ulitaka kumchukua. Walimleta hospitali amelegea, macho yamepanda, na mimi nilikuwepo nimeshika miguu yake iliyokuwa baridi. Alipopona daktari alimweka chini akamwambia, mbele yangu na mbele ya mumewe, kwamba asibebe mimba tena mpaka wao waseme, na ikiwezekana asibebe kabisa, kwa sababu safari ijayo damu inaweza isikate. Maneno yalikuwa ya Kiswahili chepesi. Mume aliitikia kwa kichwa. Ufuta ulipovunwa na kuuzwa, akaanza kuuliza mtoto wa kiume atakuja lini.

Kwa hiyo mwali wangu alikwenda kliniki akawekewa kijiti cha uzazi, kile kinachoingizwa chini ya ngozi ya mkono. Aliniambia mimi tu. Kwa mumewe alisema ule mkono umechomwa na kisiki cha mbaazi shambani, na mume aliamini, kwa sababu visiki vya mbaazi vinachoma kweli. Nilijua anamdanganya mumewe na nilimsaidia kumdanganya. Ningemsaidia tena kesho.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Mume wa mwali ananihesabu mimi kama mama mkwe, na kwa heshima hiyo huwa haingii ndani kwangu. Akija Nachingwea kwa shughuli zake hupita kunisalimia, anakaa kibarazani, anakula, anaaga. Siku ile alikuja na jogoo na mbaazi kidogo za kunipa. Nilipokea, nikamwambia akae nimpikie. Simu yangu ilikuwa kibarazani hapo hapo juu ya kigoda, inachajiwa, kwa sababu soketi ya ndani ilishaungua na nilikuwa nimevuta waya kupitia dirishani. Sikuwa na wasiwasi nayo. Ilikuwa imefungwa kwa namba, na aliyekuwa anaweza kunitumia siri hutuma sauti, na sauti ikiingia kioo kilikuwa kinaonyesha kipaza sauti kidogo tu na jina la aliyetuma.

Nikaenda uani kusonga ugali. Wakati huo mwali wangu, huko Ruangwa, akijua mumewe amesafiri kuja kwangu, akanitumia sauti ya kunitahadharisha. Aliisema kwa Kiswahili, na sio kwa Kimwera kama tulivyozoea tukiwa na letu, kwa sababu mambo ya kliniki tumeyapokea kwa Kiswahili na hatuna namna nyingine ya kuyasema. Na kile kiduara, ambacho sikukiita, ambacho sikukijibu, kikaisikiliza sauti ile kabla yangu. Kikaigeuza maandishi. Kikaifupisha. Kikaandika juu ya kioo kilichofungwa, kwa herufi nzuri nyeupe, mbele ya macho ya mkwe wangu:

"Anaomba usimwambie mumewe kuhusu kijiti cha uzazi wa mpango. Mkono unamuuma. Atarudi kliniki."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mno, na kila nikiyasoma nachukia upya. Mwali wangu hajawahi katika maisha yake kusema "uzazi wa mpango". Yeye alisema, "Somo, upo? Huyo bwana amekuja huko, ile kitu yetu ya mkononi usije ukateleza ukaitaja, kijiti hakijui yule." Kisha akacheka, akasema mkono unamuuma lakini nesi amesema ni kawaida, ila arudi. Kile kiduara kilitupa kicheko, kikatupa kikohozi, kikatupa jogoo. Kilichobaki kikabandikwa kibarazani kwangu kama tangazo la mnada wa korosho.

Nilipotoka na sinia nilikuta kigoda kimesogezwa na mtu hayupo. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo, mbaazi zipo, mkwe hayupo. Mwanamume wa huku kuondoka kwa mkwewe chakula kikiwa jikoni, bila kuaga, ni tusi ambalo watu hulizungumza kwa miaka. Nikajua kuna jambo kabla sijajua ni lipi. Nikachukua simu.

Nilimpigia mwali mara nyingi, alikuwa shambani na huko mtandao unashika kwa kubahatisha. Aliponipata sauti yake ilikuwa nyingine.

"Somo, umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Amenipigia. Ameyasema yote, mpaka la mkono kuniuma. Hilo nimelisema leo, nimekuambia wewe peke yako."

"Simu ndiyo imemwambia, mwanangu. Imeandika yenyewe."

Akasema polepole, bila hasira, "Mimi sikuandika kitu, somo. Nilisema kwa mdomo."

Nilimweleza. Nikamweleza tena. Akasema, "Haya, somo." Ninamjua mtu niliyemfunda. Ile "haya" yake ilikuwa ya mtu ambaye hajaamini ila ana adabu. Watu wanaoniambia kwamba teknolojia haina ubaya wala uzuri, waje niwasikilizishe "haya" ile.

Kikao kiliitwa nyumbani kwa wazazi wa mume, Ruangwa. Nami niliitwa, kwa sababu somo huitwa mwali wake akikosea. Nilipanda gari asubuhi na mapema nikiwa nimevaa kanga zangu mpya, maana sikutaka mtu adhani nakwenda kuomba radhi. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi kwenye mkeka. Mwali alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Hakuna aliyemwita atoke.

Kumbe mume alikipiga picha kioo cha simu yangu. Aliitoa picha ile akampa mjomba wa mwali, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake kuliko hata baba mzazi. Mjomba alivaa miwani akasoma kwa sauti. Hapo ndipo yaliposomwa, mbele ya wanaume, maneno ambayo mwanamke alimwambia somo yake. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Tangu bibi zetu, hilo halikuwahi kutokea, na lilipotokea hata jogoo wa jirani hakunyamaza.

"Wewe ulijua?" mjomba akaniuliza.

"Somo haulizwi alichoambiwa," nikamjibu.

"Na mengine unayomfundisha ni yapi?"

Sikumjibu. Nilimtazama mpaka akavua miwani. Kwao kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukiri, na kwangu kulikuwa ndiyo kazi yangu yenyewe.

Lakini lile ambalo halikuwa siri nililisema. Nilisimama bila kupewa nafasi, nikamwambia mume mbele ya wazazi wake, "Daktari alisema akizaa tena atakufa. Ulikuwepo, baba. Ulikaa kwenye benchi pembeni yangu."

"Daktari alisema apumzike, mama," akajibu, tena kwa heshima, macho chini. "Amepumzika. Hata hivyo kilichoniuma si kijiti. Kilichoniuma ni kufichwa na mke wangu, halafu nikakisome kibarazani kwa mkwe wangu."

Nilimchukia kwa heshima yake ile. Angenitukana ningejua pa kumshika. Nikamgeukia mjomba, nikitegemea atamtetea mtoto wa dada yake, maana huyo ni damu yake. Mjomba akasema watoto wanaozaliwa ni wa ukoo wao, kwa vile kwetu mtoto huhesabiwa kwa mama, wakizidi wao wanashukuru Mungu, na madaktari nao hutisha watu. Upande wa mume ulitaka mtoto wa kiume, upande wa mke ulitaka ukoo ukue. Katika uwanja ule wote hapakuwa na mtu aliyemtaka mwali mwenyewe, ukiniondoa mimi niliyekwisha kuhesabiwa kuwa mchonganishi.

Kijiti kilitolewa. Nesi alimuuliza kama ameridhia, naye akasema ameridhia.

Nilirudi Nachingwea na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka, nikaipeleka stendi kwa fundi wa simu. Nikamwekea simu mezani nikamwambia, "Ondoa hiki." Akacheka. Akaniambia, "Mama, hiyo ni AI, akili mnemba, imekuja na apdeti. Watu wanaitafuta, wewe unaikimbia?" Nikamwambia aache kucheka afanye kazi. Akanipitisha kwenye mipangilio, mlango ndani ya mlango, tukazima kufupisha, tukazima kugeuza sauti kuwa maandishi, tukazima ujumbe kuonekana kioo kikiwa kimefungwa. Kila tulipozima, programu iliuliza kama nina uhakika. Mimi nilikuwa na uhakika. Haikuniuliza ilipokuwa inawasha.

Haukupita muda programu ikajisasisha tena yenyewe, na kile cha kufupisha nikakikuta kimewaka. Nikarudi stendi nikiwa nimeiva. Fundi safari hii hakucheka, alisema ipo programu nyingine ya ujumbe isiyokuwa na kiduara wala msaidizi, inayofungwa kwa namba yake yenyewe. Ujumbe ukiingia kioo kinasema tu kuna ujumbe, hakisemi wa nani wala wa nini. Na sauti unaweza kuiamuru ijifute ikishasikilizwa. Nikamwambia aiweke, na hilo la kujifuta aliwashe. Niliona ndiyo sharti letu hasa: inatoka mdomoni, inaingia sikioni, basi. Ile ya zamani niliiacha kwa ajili ya wateja wa sare tu.

Kuhama peke yako ni kama kuhamia porini. Nikaenda kwenye kundi la makungwi, lile lililoko kwenye programu ya zamani, nikatuma sauti ya kuwaeleza yaliyonipata na kuwataka tuhame wote. Hapo ndipo alipojitokeza mwalimu wa Naipingo, kungwi mdogo kuliko sisi sote, ambaye ndiye msimamizi wa kundi kwa sababu ndiye aliyelifungua.

"Dada, kwanza ulibonyeza nini?" akaanza. Kisha akasema, "Unaiogopa mashine bure. Haimjui mtu yeyote. Inafupisha tu."

"Ilimfupishia mkwe wangu," nikamjibu.

"Kama mtu huna baya la kuficha, unaogopa nini?"

Mwanamke aliyefundwa, aliyekula yamini ya kuficha, ananiuliza ninaogopa nini kwa kuficha! Nikamwambia kama ameshasahau alichoapa aje nimkumbushe uso kwa uso. Akasema asubuhi anakuta jumbe nyingi za kundi, mashine inamfupishia, anaokoa muda. Nikamuuliza muda anaouokoa anaupeleka wapi, maana shuleni wanamlalamikia kwa kuchelewa. Akanitoa kwenye kundi.

Nilikwenda Lionja kwa kungwi mkubwa kumshitaki. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akasema kuanzia siku hiyo mambo ya somo yasipite kwenye simu yoyote, ya sauti wala ya nini, mtu aende kwa miguu yake. Nilimwambia miguu haifiki Liwale. Akasema basi mabinti waolewe karibu. Kesho yake asubuhi alinitumia sauti, kwenye programu ile ile ya zamani, kuniagiza sukari na kunisimulia ugonjwa wa jirani yake kuanzia mwanzo. Kile kiduara kikaniuliza kama nataka kinifupishie. Nikaizima simu nikaitupia kitandani.

Mwali wangu nilimfuata mwenyewe Ruangwa. Tulionana sokoni, kwa kujifanya tumekutana kwa bahati, nikamwekea programu ile mpya kwenye simu yake tukiwa tumesimama kati ya marobota ya mitumba. Nilimfundisha kuifungua na kuifunga. Nilimwonyesha kwamba sauti ikishasikilizwa inatoweka. Alijaribu, akajitumia neno, likatoweka, na kwa mara ya kwanza tangu kile kikao akacheka kicheko chake.

"Sasa hakuna wa kutuandika, somo," akasema.

"Hakuna," nikamwambia.

Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nilikula mihogo ya kukaanga njia nzima kurudi nyumbani. Nilijiona nimekishinda kile kiduara, nimemshinda mjomba na miwani yake, nimemshinda mwalimu wa Naipingo. Nilichokuwa sijakiangalia ni kwamba kilichokuwa kinafichwa kilishatoka mkononi mwake kule kliniki, na nilikuwa nimeweka kufuli jipya kwenye nyumba iliyokwisha kuibiwa.

Sauti zake zilikuja moja moja. Nyingi zilikuwa za salamu. Kisha siku moja nikiwa na kazi nyingi za sare, shule zinakaribia kufunguliwa, simu ikanionyesha kuna ujumbe. Nikaufungua huku mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Akakohoa. "Somo, upo?" Akanyamaza kama kawaida yake. "Nimeshapata mimba, somo. Usilie, wewe ndiye uliyenifundisha kutolia. Siku ikifika njoo unishike miguu kama ile siku. Na kitu kingine..." Cherehani ilikuwa inaendelea kunguruma kwa sababu mguu wangu haukusimama kwa wakati. Kile kitu kingine sikukisikia. Nilipoinua simu kuirudia sauti, haikuwepo. Ilikuwa imejifuta, kama nilivyoiamuru.

Nilimpigia. Nilimuuliza alisema nini mwishoni.

"Nilishasema, somo. Ilikuwa yako tu."

"Nirudie."

"Nitakuambia ukija," akasema, maana kuna mtu alikuwa ameingia, nilisikia mlango.

Nilikwenda mara mbili mimba ikikua. Mara zote mbili nilikuta shangazi wa mume amekaa nasi mpaka nilipoaga, mkeka mmoja, miguu kainyoosha, hana haraka. Mimi na mwali tuliishia kutazamana tu, kile kitu kingine sikuweza kumuuliza. Tulipanga kwamba akikaribia aletwe mapema hospitali, na mume alikubali mbele yangu, kwa heshima zake zile zile. Uchungu ulimjia kabla ya siku zilizotajwa, shambani, wakati wa kuokota korosho. Hawakunipigia. Walimpakia kwenye gari la kubeba magunia.

Mimi nilikuwa kibarazani, asubuhi, nakata kitambaa. Ujumbe ukaingia kwenye programu ya zamani, ile ya wateja. Ulikuwa wa mume. Aliandika kwa mkono wake, na aliandika kwa adabu, nitampa haki yake hiyo:

"Shikamoo mama. Amejifungua mtoto wa kiume, mzima. Damu haikukata. Mwenzangu hatunaye. Wanawake wanakusubiri wewe ndio waanze kumwosha."

Nilisoma nikasimama. Nikakaa. Nilitaka kuandika na vidole havikuwa vyangu. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, sikuweza kugusa herufi moja nikaipata. Nilitaka kupiga simu na sauti haikuwepo. Na pale chini ya maneno yale, kile kiduara, ambacho sikukiita, kilikuwa kimeshanipangia majibu matatu ya kuchagua, kila moja kwenye kisanduku chake:

"Hongera kwa mtoto!"

"Poleni sana."

"Nipo njiani."

Nilikaa nayaangalia. Jirani alipita akanisalimia, nasikia sikumwitikia. Nikabonyeza la tatu.

Kisha nikachukua kanga nikaenda kumwosha mwanangu. Nilishika miguu yake kama alivyoniomba, ikiwa baridi kama ile siku. Niliinama nikamuuliza sikioni kile kitu kingine kilikuwa nini.